Mkubwa na Mdogo Katika Jamvi Moja

Wako wadhanio kwamba chuo kilichochanganya watoto wa miaka 5 na wa miaka 12 ni chuo duni, na kwamba elimu haipatikani ila kila umri uwe na chumba chake. Dhana hii si sawa. Wazee wetu wa pwani waliwaketisha wote jamvi moja, na kila mtoto akawa na ubao wake na somo lake: huyu yumo katika alifu na be, yule katika irabu, mwengine amefika Juzuu ya Amma. Na huko Roma, tabibu Maria Montessori, aliyefungua nyumba yake ya watoto mwezi wa Januari 1907, naye aliwachanganya. Hata leo shule zifuatazo mtindo wake huwaweka watoto wa miaka 3 hadi 6 pamoja.

Basi aibu haimo katika kuchanganyika. Imo katika mambo matatu.

La kwanza ni kuwasomesha wote somo moja kwa sauti moja. Mdogo huimba asilolijua, na mkubwa huchoka. Yampasa mwalimu amsikilize kila mtoto peke yake, japo kwa dakika 3. Watoto 20 ni saa 1 tu.

La pili ni kumfanya mkubwa kuwa mtumishi. Kumsomesha mdogo humthibitishia elimu yake, kwani hawezi kueleza asilolifahamu. Lakini akishinda akisomesha wenziwe, naye hasomeshwi, amedhulumiwa haki yake. Wala asikabidhiwe fimbo.

La tatu, nalo ndilo zito, ni kumtahayarisha aliyechelewa. Kenya ilipoondoa ada za shule za msingi mwaka 2003, wengi waliopitwa na umri waliingia darasa la kwanza; na mwaka 2004 aliingia mzee Kimani Maruge, aliyetajwa kuwa na miaka 84. Ikiwa mzee huyo aliketi na walio sawa na vitukuu vyake, kwa nini achekwe kijana wa miaka 12 asiyejua herufi? Akichekwa leo, kesho harudi. Na dhima ya ujinga wake itakuwa shingoni mwetu.

Ewe mwalimu, jioni ya leo jiulize: ni mtoto gani sikumsikiliza? Huyo ndiye wa kuanza naye kesho.

Wabillahi taufiki.