Dondoo Muhimu: Lisome Jua Kabla ya Kuchora

Ujuzi wa kwanza wa ujenzi endelevu si kufunga paneli za sola, bali kulisoma jua. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Asubuhi na alasiri jua hupiga kuta za mashariki na magharibi likiwa chini, na kivuli cha paa hakifui dafu. Kwa hiyo mbunifu majengo aelekeze kuta ndefu kaskazini na kusini, apange madirisha yakabiliane ili upepo upite, na mkadiriaji majenzi ahesabu umeme wa viyoyozi kwa maisha yote ya jengo, si bei ya ujenzi pekee.

Wapo watakaosema mteja hataki gharama za ziada. Lakini kuligeuza jengo kwenye karatasi hakugharimu hata mfuko mmoja wa saruji; likishasimama, haligeuziki. Wengine watalalamikia ufinyu wa viwanja vya mjini. Ni kweli, na hapo ndipo baraza, vizuia jua na miti hufanya kazi. Tena ufinyu wenyewe waweza kusaidia: Mji Mkongwe wa Zanzibar umejaa vichochoro vyembamba, na wembamba huohuo ndio unaozitia kuta kivuli.