Kompyuta Mpya, Foleni ya Zamani

Kompyuta ya mezani iliyounganishwa wiki hii, yenye prosesa mpya na kasha linalomeremeta taa za rangi, haina kisingizio cha kuchukua dakika tatu kuwaka. Ikifanya hivyo, jibu la haraka madukani ni lilelile: prosesa uliyochukua ni ndogo, ongeza pesa kidogo tukuwekee kubwa. Mimi nalipinga jibu hilo. Kompyuta mpya iliyo nzito kwa kawaida haikosi nguvu, ila imesimama kwenye foleni, na prosesa yake ya bei inakaa bure ikisubiri kuletewa kazi. Ukiongeza prosesa kabla ya kuijua foleni iko wapi, umenunua msubiri wa bei ghali zaidi.

Hapa Busia hoja hii isingepaswa kuhitaji maelezo. Zamani lori lilikaguliwa mara mbili, kwanza kwenye nchi linakotoka, kisha kwenye nchi linakoingia. Kituo cha pamoja cha mpakani, kilichozinduliwa Februari 2018 na marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni, hakikumbadilishia dereva yeyote injini. Kilichobadilika ni idadi ya vituo vya kusimama: anayeingia Kenya anakaguliwa upande wa Kenya, anayeingia Uganda anakaguliwa upande wa Uganda, basi. Hata boda boda, kwa jinsi inavyosimuliwa, ilizaliwa kwenye mipaka hii kwa sababu ya mwendo uliobaki kati ya geti na geti, ambao abiria alilazimika kuukata kwa miguu, na mwenye baiskeli akaona riziki. Mji uliojengwa juu ya kusubiri unajua kwamba mwendo wa safari huamuliwa getini. Kwenye kompyuta, geti la kwanza la kutilia shaka ni diski.

Nitataja hatua tano, na ya kwanza ndiyo yenye uzito. Mashine ikiwa katikati ya uzito wake, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua ukurasa wa Performance, kisha chagua Disk. Wengi wakifika hapo husoma asilimia tu, wakaona 100 na kuogopa. Asilimia peke yake haitoshi, kwa sababu diski nzima inayonakili faili kubwa nayo hufika 100 bila kosa lolote. Soma namba tatu kwa pamoja: asilimia ya muda wa kazi, kasi ya kusoma na kuandika, na ile iliyoandikwa Average response time, yaani wastani wa milisekunde ambazo ombi moja linasubiri kujibiwa. Diski ya kuzunguka yenye mizunguko 7,200 kwa dakika hutumia milisekunde zaidi ya 8 kumaliza mzunguko mmoja, na sindano yake inahitaji muda wake kuhamia mahali pengine. Kwa hiyo hata ikiwa na afya njema, hujibu maombi madogo kama mia moja hivi kwa sekunde. SSD ya kawaida, yaani diski isiyozunguka, hujibu makumi ya maelfu. Windows inapowaka huomba vipande vidogo kwa maelfu, vikiwa vimetawanyika huku na huku, na hapo ndipo dakika zako zinapoishia. Ukiona asilimia 100, kasi ya megabaiti moja au mbili kwa sekunde, na muda wa kujibu wa milisekunde mia kadhaa, foleni umeipata. Ukiona muda huo unapita milisekunde 1,000 tena na tena, shuku diski inayokufa au kebo mbovu, na nakili faili zako kabla ya jambo lingine lolote.

Utauliza, diski nzee inaingiaje kwenye kompyuta mpya? Inaingia kwa mlango wa bei. Mnunuzi huulizia prosesa na RAM, na muuzaji anayetaka kushinda bei ya jirani hupunguza pale ambapo hapaulizwi. Wala simlaumu muuzaji peke yake: anayejadili bei mpaka senti ya mwisho bila kutaja diski ameomba apewe diski hiyo. Programu ya bure iitwayo CrystalDiskInfo huonyesha saa ambazo diski imefanya kazi. Kitu kipya kikisoma saa 20,000, kimeshawaka usiku na mchana kwa zaidi ya miaka miwili mahali fulani. Sio ujanja wa mpakani tu, maana mwaka 2025 wanunuzi Ujerumani waligundua diski zilizouzwa kama mpya huku zikiwa na maelfu ya saa, na hesabu ya kawaida ya saa hizo ilikuwa imerudishwa sifuri. Ndiyo maana naona risiti yenye namba ya diski ina thamani kuliko punguzo. Anayevuka geti kwa sababu kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 16 Kenya na 18 Uganda akumbuke kwamba dhamana aliyoandikiwa dukani haivuki naye. Diski ikigoma, atavuka yeye akiwa ameibeba.

Pingamizi la kwanza ni la mwenye SSD mpya kabisa: mbona bado? Hatua ya pili ni yake: aangalie RAM kwenye ukurasa uleule wa Performance. Kijiti kimoja cha DDR4 cha 3200 hupitisha gigabaiti 25.6 kwa sekunde, na viwili vilivyokaa kwenye nafasi sahihi hupitisha 51.2, kama geti la pili lililofunguliwa. Kwenye ubao mama wenye nafasi nne, nafasi hizo kwa kawaida ni ya pili na ya nne kutoka kwa prosesa. Vikikaa bega kwa bega, geti la pili hubaki limefungwa. Tena kijiti cha 3200 mara nyingi huamka kikikimbia 2133 au 2666 mpaka uwashe XMP, mpangilio wa kasi ya RAM, kwenye BIOS. Hata hivyo anayechapa barua hataiona tofauti hiyo. Ataiona mwenye michezo au video, hasa kama prosesa ndiyo inayochora picha pia. Hatua ya tatu: hakikisha karatasi ya plastiki imebanduliwa chini ya kipozeo, kwa sababu prosesa ikikaribia nyuzi 100 hujipunguza mwendo ili isiungue. Ya nne: kama kadi ya picha ilinunuliwa, waya wa skrini uchomekwe kwenye kadi hiyo, usiingie kwenye ubao mama.

Pingamizi la pili ni la wakala wa forodha: kazi yangu yote iko kwenye mifumo ya mamlaka za mapato, KRA ya Kenya na URA ya Uganda, kwa hiyo tatizo ni intaneti. Huenda. Hiyo ndiyo hatua ya tano, nayo ni fupi: chomoa intaneti, ufungue faili kubwa iliyomo ndani ya mashine. Ikifunguka mara moja, kompyuta yako haina hatia. Wengine husingizia umeme. Umeme mbaya huzima mashine, huiwasha upya na kuua vifaa, na kifaa cha kulinda umeme ni lazima kwa kila mtu, lakini si kawaida yake kuifanya kompyuta iliyotulia ijikokote.

Pingamizi zito ni kwamba prosesa dhaifu zipo kweli. Nakubali, na kipimo kilekile ndicho kinachozifichua: prosesa ikikaa asilimia 100 huku diski imelala, muuzaji alikuwa sahihi na pesa zako ziende huko. Ninachokataa ni kutoa hukumu hiyo kabla ya kuzisoma namba. Kwa hiyo kabla ya kubeba kasha kulirudisha dukani, washa mashine, ngoja iwe nzito, na uipige skrini picha kwa simu: asilimia, kasi, milisekunde, saa za diski. Ukimwambia fundi kwamba kompyuta ni nzito, atakuuzia prosesa. Ukimwonyesha milisekunde 900 kwenye diski aliyoiandika mpya, mazungumzo yatahusu diski.