Majirani wa Chini ya Ardhi

Udongo, ewe msomaji, si maiti. Katika gramu moja tu ya udongo wenye rutuba huweza kupatikana bakteria zaidi ya milioni 100, nao wamechanganyika na nyuzi za kuvu zilizo nyembamba kuliko unywele.

Majirani hawa husaidiana. Kuvu huuvunjavunja mti mgumu uliokufa, na bakteria hupata riziki katika mabaki yake. Tena bakteria huwawia vigumu kuvuka udongo mkavu. Ama uzi wa kuvu huwa na utando wa maji, nao huogelea juu yake kama wapitao njiani.

Lakini pia hushindana, kwani chakula hakitoshi wote. Penisilini ni silaha ya kuvu juu ya bakteria. Na mwaka 1950 Elizabeth Hazen na Rachel Brown wa Marekani walitangaza nistatini, silaha ya bakteria juu ya kuvu, iliyotokana na udongo wa shamba moja la Virginia. Hadi leo hutibu utando mweupe vinywani mwa watoto wachanga.

Basi achomaye majani makavu shambani na azingatie: ateketeza chakula cha hao wanaomlishia mimea yake.