Mche Utokao Ng'ambo na Hati Zake

Maelezo kwa wakulima wa Mtwara, Mikindani, Msimbati na kando ya Mto Ruvuma

1. NENO LA KWANZA

Wazee walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Neno hili ni kweli hata kwa mimea yetu. Muhogo tulao kila siku asili yake si Afrika. Ulitoka Amerika ya Kusini, ukaletwa na Wareno. Mkorosho, ambao ndio fedha ya Mtwara, asili yake ni Brazili, nao waliuleta Wareno hao hao katika karne ya 16. Wageni hawa walikuja, na wenyeji tukapona.

Kwa hiyo karatasi hii haikuandikwa ili kumkataza mkulima asipokee mche mgeni. Imeandikwa ili kumfundisha kumpokea mgeni huyo mlangoni, mchana, mbele ya mashahidi; kwa maana mgeni mwema huweza kuja na maradhi asiyoyajua mwenyewe.

2. HABARI YA MZIGO MMOJA

Katika kijiji kimoja cha kando ya Ruvuma alikuwako mkulima ninayemfahamu. Jina lake silitaji, maana ni mtu mwaminifu, na alilolitenda wengi wamelitenda. Alivuka kwenda Msumbiji katika msiba wa mkwewe. Huko aliona shamba la shemeji yake, mihogo mirefu, yenye mizizi minene kama paja la mtu. Siku ya kuondoka shemeji akamfungia mzigo wa vipando. Akaupakia katika mtumbwi, akavuka jioni penye mikoko, wala hakuona kwamba ametenda kosa. Nani hukataa zawadi ya shemeji yake? Mto Ruvuma ni mpaka wa serikali. Si mpaka wa undugu.

Vipando vilichipua vizuri. Jirani wakaomba, akawagawia nyumba nne. Mimi nami nilipopita niliusifu muhogo ule mbele ya watu, na jambo hili nalikiri hapa kwa sababu ni sehemu ya mafundisho.

Mwaka uliofuata, katika miezi ya njaa kabla ya mavuno mapya, mke wake aling'oa shina la kwanza. Kwa nje mizizi ilikuwa mizima. Alipoikata, ndani aliona mabaka ya kahawia, makavu, magumu. Akakata muhogo wa pili, na wa tatu, na wa nne. Kisha akakiweka kisu chini. Yule bwana akaniita. Nilipofika hakunigombeza, alisema tu, "Mwalimu, wewe uliusifu muhogo huu." Sikuwa na la kujibu.

3. KWA NINI JICHO HALITOSHI

Maradhi yale yaitwa michirizi ya kahawia. Mtaalamu H. H. Storey aliyaeleza mwaka 1936 katika kituo cha utafiti cha Amani, katika milima ya Usambara. Yamekuwako katika pwani yetu tangu zamani, kutoka Kenya hata Msumbiji. Dalili zake ni majani ya chini kuwa manjano kando ya mishipa yake, michirizi ya rangi ya kahawia katika shina bichi, na uozo mkavu ndani ya mizizi. Walakini aghalabu majani huonyesha dalili kidogo tu, na aina nyingine za mihogo hazionyeshi dalili ambayo mkulima aweza kuitambua. Hujua siku ya kuvuna.

Tena yafaa kufahamu tofauti ya punje na kipando. Punje ya mahindi huzaliwa na mama yake. Kipando cha muhogo ni kiungo cha mama mwenyewe. Kama mama alikuwa na virusi mwilini, kipando kinavyo. Kukiosha hakusaidii, wala kukianika. Inzi weupe hueneza maradhi haya kutoka shamba hata shamba, lakini hawayapeleki mbali. Mwanadamu mwenye mzigo wa vipando huyavusha mto, na wilaya, na mkoa, kwa siku moja.

Wengine husema, "Maradhi haya tunayo tayari, hati zitatuzuilia nini?" Jibu ni hili. Virusi vya michirizi si vya namna moja, na ukali wake haulingani. Tena yuko jirani yako aliyefanya kazi miaka miwili au mitatu kusafisha shamba lake kwa vipando safi. Mzigo wako mmoja waweza kuiharibu kazi yake yote. Na yako maradhi na wadudu ambao bado hawajatufikia. Hao hatuna dawa yao wala mbegu za kuwastahimili.

Mfano mmoja mkubwa ni wa vidung'ata vya muhogo, wadudu wadogo weupe kama waliopakwa unga. Kwao ni Amerika ya Kusini. Katika miaka ya 1970 walionekana Kongo, na kutoka huko wakaenea katika nchi za muhogo za Afrika, wakaleta njaa. Wataalamu wakatafuta adui wa mdudu huyu katika nchi ya kwao, na mwaka 1981 akapatikana nyigu mdogo sana huko Paraguay. Hawakumtia mfukoni wakampeleka shambani. Walimpeleka kwanza karantini Uingereza, akachunguzwa asije akawa na madhara yake mwenyewe; ndipo akapelekwa Nigeria na kuachiliwa. Nyigu huyo aliokoa chakula cha mamilioni ya watu. Basi tazama: hata mwokozi hakuingia bila kukaguliwa.

4. HATUA TATU, NA KILA MOJA KWA ZAMU YAKE

Hatua ya kwanza: kibali cha kuingiza mimea. Hiki hutolewa hapa kwetu, na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), yenye makao makuu Arusha, iliyowekwa kwa Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020. Maombi siku hizi hupelekwa kwa njia ya mtandao. Asiye na chombo wala ujuzi huo na amwendee Afisa Ugani wake. Mwombaji hueleza jina lake na mahali akaapo, jina la mmea na aina yake, hesabu ya miche au vipando, nchi na mahali vinapotoka, kazi itakayofanywa navyo, na mlango vitakapoingilia. Kibali kikitoka huandikwa masharti: kwa mfano, kwamba miche isiwe na udongo, au kwamba mmea mama ukaguliwe ungali shambani, au kwamba miche ikae karantini baada ya kufika.

Hatua ya pili: cheti cha afya ya mimea. Hiki hutolewa na serikali ya nchi inayotoa mmea, baada ya mkaguzi wake kuutazama na kuyathibitisha masharti ya kibali chetu. Mataifa yalifanya mapatano juu ya jambo hili mwaka 1951, na cheti hufuata mfano mmoja katika nchi zote zilizoyakubali. Barua ya mwenye bustani si cheti, wala risiti ya duka, wala neno la mwenye shamba kwamba "miche yangu ni mizima."

Hatua ya tatu: ukaguzi mpakani. Mkaguzi husoma hati, hulinganisha hesabu, kisha hutazama miche yenyewe. Aweza kuipitisha, au kuizuia ichunguzwe zaidi, au kuagiza itiwe dawa, au irudishwe, au iteketezwe. Cheti kizuri hakiondoi ukaguzi; vitu viwili hivi husaidiana.

Kosa kubwa kuliko yote ni kuanza mwisho: mtu hununua miche, huifunga, hufika mpakani, ndipo huuliza habari za karatasi. Msidhani kwamba zamu hii imewekwa kwa ajili ya usumbufu. Sababu yake ni shambani. Mkaguzi wa nchi ile lazima asome masharti yetu kabla ya kukagua. Na kama sharti ni kuutazama mmea mama wenye majani yake, baada ya vipando kukatwa hakuna wa kutazamwa tena.

5. MLANGO WA KUINGILIA

Mlango ulioandikwa katika kibali ndio mlango wako. Katika mkoa wetu njia zinazojulikana ni Bandari ya Mtwara, kivuko cha Kilambo katika Mto Ruvuma, na Mtambaswala katika wilaya ya Nanyumbu, penye Daraja la Umoja lililofunguliwa mwaka 2010. Kabla ya mzigo kuondoka, uliza kama mkaguzi wa mimea atakuwapo siku ile; kipando kikingojea juani siku nyingi hufa, hata hati zikiwa kamili. Vijia vya mikoko na fukwe za Msimbati ni njia za wavuvi. Si mlango wa mimea.

6. MAKOSA YAONEKANAYO MARA NYINGI

(a) Kuleta mche na udongo wake. Minyoo, mayai ya wadudu na kuvu hukaa udongoni.
(b) Kibali kusema vipando mia mbili, na mzigo kuwa na mia tatu.
(c) Cheti kilichofutwa au kuongezewa maneno kwa kalamu nyingine. Mkaguzi hawezi kukiamini.
(d) Kutumia kibali cha mtu mwingine, au kibali kilichokwisha muda.
(e) Kuleta mbegu za kuuza bila kuangalia Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003. Biashara ya mbegu ina masharti yake chini ya taasisi ya TOSCI, mbali na haya ya afya ya mimea.

7. NJIA NYEPESI KWA MKULIMA MDOGO

Mkulima wa ekari mbili aweza kuona kwamba safari hii ni ndefu kwa mzigo mmoja wa vipando. Ni kweli, na mara nyingi hana haja ya kuifanya. Kwanza aulize Kituo cha Utafiti wa Kilimo cha Naliendele, kilicho karibu na Mtwara mjini. Huenda aina anayoitafuta, au iliyo bora zaidi, ipo hapa hapa, tena safi.

Ukiona ng'ambo aina njema isiyopatikana kwetu, usilete kipando, leta habari. Andika jina lake, kijiji kilipo shamba, na sifa zake, ukampe Afisa Ugani. Wataalamu wanayo njia ya kuotesha mche mdogo ndani ya chupa maabarani, ukasafishwa na kupimwa virusi, ndipo ukavushwa kwa hati. Na wakulima wakitaka kuagiza miche mingi, heri waombe pamoja kwa jina la chama chao cha msingi, kuliko kila mtu kuhangaika peke yake.

8. UKIWA UMEKWISHA KULETA BILA KUJUA

Usipande. Usigawe. Usitupe porini wala mtoni, maana kipando kilichotupwa huchipua. Kifunge, ukiweke mahali pakavu penye kivuli, ukamwite Afisa Ugani siku ile ile. Kama umekwisha kupanda, mwambie ukweli na umwonyeshe kila mahali ulipogawa. Aibu ya siku moja ni nafuu kuliko njaa ya nyumba tano.

Yule bwana niliyemtaja alifanya hivyo. Alikwenda mwenyewe nyumba zote nne, nami nikafuatana naye, maana sifa zangu ndizo zilizowapa watu moyo wa kuomba vipando vile. Tuliyang'oa mashina, tukayachoma moto. Vipande vizuri vya mizizi vikakatwa vikaliwa, na vingine vikatupwa. Mwaka ule walikula kwa shida. Msimu uliofuata walipanda vipando safi, na mpaka leo shemeji yake akija kumtembelea huleta samaki.

9. MANENO YA KUSHIKA

Kibali kwanza, kutoka kwetu. Cheti cha pili, kutoka kwao. Ukaguzi wa tatu, mpakani. Kipando chenye sura njema si lazima kiwe kizima. Na ukitaka kufahamu zaidi, mwulize Afisa Ugani wako kabla ya kuvuka mto, si baada ya kurudi.