Upatanisho wa Kiingereza: Tusikilaumu Kiswahili

Kila muhula wenzangu huniomba nipitie ripoti zao za mafunzo kwa vitendo kabla hazijafika kwa msimamizi. Sentensi moja hainiachi: "The results of the survey shows..." Mwenye ripoti kazi kaifanya, takwimu kazikusanya mwenyewe juani, hoja anayo. Lakini msomaji akikutana na "shows" hiyo ukurasa wa kwanza, anaanza kuitilia shaka hata hesabu iliyo sahihi. Barua ya kuomba kazi nayo ni hivyo hivyo, tena kule hakuna wa kukurudishia urekebishe.

Wengi husema, "Kiswahili ndicho kinachotuharibia." Mimi nakataa. Ukweli ni kwamba sisi tumekua na upatanisho mdomoni. Nani kati yetu anasema "Vitabu vya mwanafunzi amepotea"? Hakuna. Hata mtoto wa chekechea anajua kilichopotea ni vitabu, kwa hiyo "vimepotea", ingawa neno "mwanafunzi" ndilo lililo karibu na kitenzi. Basi ichukue akili hiyo uipeleke kwenye Kiingereza. Matokeo ya uchunguzi *yanaonyesha*: mwenye kitenzi ni matokeo, si uchunguzi. Hivyo "The results of the survey show". Kinachokuja baada ya "of" kwa kawaida ni mgeni tu, hakiamui kitenzi.

Jambo la pili ni ile "s". Katika wakati uliopo, nomino nyingi huchukua "s" zikiwa wingi, lakini kitenzi huichukua kiima kikiwa umoja wa nafsi ya tatu: "The student reads", "The students read". Ukiiona "s" kwenye nomino na kwenye kitenzi chake pia, simama kidogo ukague. Nasema ukague, kwa sababu "people" na "children" ni wingi bila "s", na "news" ina "s" lakini ni umoja: "The news is good."

Sasa tazama sehemu ambazo Kiswahili kinakuvusha bila nauli:

"Each" na "every" ni "kila". Tunasema kila mwanafunzi *ana* kitambulisho, hatusemi *wana*. Kwa hiyo "Every student has an ID", na "Each of the students has an ID".

"The number of" ni "idadi ya". Idadi ya wanafunzi *imeongezeka*: "The number of students has increased." Ila "a number of" maana yake ni "kadhaa". Wanafunzi kadhaa *wamelalamika*: "A number of students have complained." Kijineno kimoja tu mwanzoni, na kitenzi kinabadilika.

"Police" ni wingi. Polisi *wamefika*: "The police have arrived."

Lakini kuna mitego, na hapa lazima tuwe macho. Kiswahili husema "Mwenyekiti pamoja na wajumbe wamefika." Kiingereza sanifu hakihesabu walioletwa na "together with" au "as well as". Kinamhesabu mwenyekiti peke yake: "The chairperson, together with the members, has arrived." Ukitumia "and", hapo ndipo wanakuwa wengi: "The chairperson and the members have arrived."

Mtego mwingine ni vifaa na taarifa. Kwetu vifaa *vimenunuliwa*, taarifa *zimetolewa*. Kwao "equipment" na "information" hazina wingi: "The equipment was bought", "The information was given". Ukiandika "equipments", umeshakosea kabla ya kufika kwenye kitenzi.

Kwenye "neither... nor" na "either... or", kanuni inayofundishwa zaidi ni kufuata kiima kilicho karibu na kitenzi: "Neither the lecturer nor the students were present." Na "government" au "committee"? Uingereza utakuta umoja na wingi, Marekani hupendelea umoja. Chagua mmoja, ushikilie hadi ukurasa wa mwisho.

Ushauri wangu ni huu: ukimaliza kuandika, usisome ripoti yote ukitafuta makosa kwa jumla, utachoka. Soma mara moja kwa ajili ya vitenzi tu. Kwa kila kitenzi jiulize kwa Kiswahili: *nani* huyu, au *nini* hiki? Ukishampata mwenyewe, angalia kama ni mmoja au wengi.

Jipime hapa, ukijaza "is" au "are":

1. The list of absent students ___ on the board.
2. A number of books ___ missing.
3. The equipment in our laboratories ___ old.
4. The dean, as well as two lecturers, ___ here.

Majibu: 1. is, 2. are, 3. is; 4. is. Ukikosa la nne, rudi kwa mwenyekiti na wajumbe wake.