Mtoto Akichelewa Kukua: Pa Kuanzia kwa Mkazi wa Spring Valley

Spring Valley ni mtaa wa ua mrefu na mageti ya rimoti, na pengine ndiyo sababu wengi hudhani kwamba huduma za serikali za watu wenye ulemavu ni za mitaa mingine. Sivyo. Makao makuu ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu yako jirani tu, kando ya Waiyaki Way, mkabala na ABC Place. Mwenye nyumba wa Peponi Road na yaya wake anayeishi Kangemi huhudumiwa hapo hapo, na watoto wao wanalindwa na Kifungu kimoja cha Katiba, cha 54.

Tunazungumzia usonji, ulemavu wa akili, hali ya Down, mtindio wa ubongo na mengine ya jinsi hiyo yanayoanza utotoni. Dalili ya kwanza mara nyingi imo ndani ya kabati lako. Fungua kijitabu cha mama na mtoto ulichopewa kliniki. Wazazi hukitazama kwa ajili ya chanjo na uzani, wakakifunga. Humo mna jedwali la hatua za ukuaji: kukaa bila kushikiliwa, kusimama, kutembea kati ya miezi 12 na 18, kutamka maneno. Hatua ikipita bila kutimia, usikubali kutulizwa kwamba mjomba wake naye alichelewa kusema. Mwonyeshe muuguzi ukurasa huo na uombe rufaa.

Baada ya hapo familia nyingi hukwama, kwa kuwa tathmini ni mbili na moja haisimami badala ya nyingine. Ya kwanza ni ya kimatibabu. Hufanywa na jopo la madaktari katika hospitali ya umma iliyoidhinishwa, nalo hujaza ripoti ya kuthibitisha ulemavu. Ripoti hiyo ndiyo inayokuwezesha kusajiliwa na Baraza na kupata kadi. Usajili siku hizi hupitia eCitizen. Uwe na cheti cha kuzaliwa cha mtoto, kitambulisho chako na picha ya pasipoti. Akitokea mtu mlangoni akitaka hela ili kuharakisha kadi, mpite.

Tathmini ya pili ni ya elimu. Hufanywa katika vituo vinavyojulikana kama EARC, vilivyoanzishwa mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark. Kituo hiki hakimpi mtoto kadi, humpendekezea shule. Uliza afisi ya elimu ya kaunti ndogo ya Westlands ikuelekeze kituo cha karibu. Kwa kesi ngumu ipo Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya, KISE, kule Kasarani. Kuna shule maalum ya umma ya Jacaranda, na kitengo cha wenye usonji katika Shule ya Msingi ya City, Ngara. Mtoto asiyeweza kufuata masomo ya kawaida huwekwa kwenye mkondo wa hatua, unaompima kwa kujimudu kwake badala ya gredi. Mwalimu mkuu akikuambia shule imejaa, mwombe akuandikie hivyo kwenye karatasi, kisha uipeleke kwa afisa wa elimu.

Faida ya kadi inayotajwa sana ni msamaha wa kodi kwa Sh150,000 za kwanza za mapato ya mwezi. Kijana mwenye ulemavu wa akili asiye na ajira haimfai kitu. Kwake la maana zaidi ni Inua Jamii: Sh2,000 kwa mwezi kwa kaya yenye mtu mwenye ulemavu mkali anayehitaji uangalizi wa mchana na usiku. Fedha hizo hazifiki mbali kwa anayenunua nepi za watu wazima, lakini ni haki yake. Orodha huanzia mashinani, kwa hiyo jitambulishe kwa chifu na kwa afisa wa maendeleo ya jamii kabla ya usajili kutangazwa. Kuna pia hazina ya kitaifa inayosaidia vifaa saidizi, kama viti vya magurudumu, na karo.

Pengo kubwa liko baada ya shule. Kijana akitimiza miaka 18, huduma za umma hupungua ghafla, na mzigo humrudia mama. Anza kuulizia kozi za ufundi angali darasani.

Toa nakala ya kila karatasi, na zile halisi zibaki nyumbani.