Somo Letu: Intakula Kubwa, Tununue au Tungoje?

Vikundi vingine vina gari la dizeli lenye tabo, la kubeba maziwa, mbolea na saa zingine mgonjwa. Gari likianza kushindwa na mlima, fundi husema, "Wekeni intakula kubwa." Kabla mwekahazina hajatoa pesa za wanachama, hebu tujifunze pamoja.

INTAKULA HUFANYA NINI?
Tabo huzungushwa na moshi unaotoka kwenye injini, nayo husukuma hewa nyingi ndani. Lakini hewa ikishindiliwa hupata moto. Tunaona hivyo tukijaza upepo baiskeli: pampu huwa moto mkononi. Hewa ya moto hutanuka, basi inayoingia huwa kidogo. Intakula ni kama rejeta ndogo ya kupoza hewa hiyo kwa upepo wa nje. Ikipozwa kutoka digrii 120 hadi 60 bila presha kupungua, nafasi ile ile huingia hewa zaidi kwa kama asilimia 18. Land Rover Defender ya 200Tdi, iliyotoka 1990, ilikuja nayo tayari kutoka kiwandani.

JE, KUBWA NI BORA?
Intakula haiongezi dizeli. Kubwa peke yake hupunguza joto, lakini nguvu huongezeka kidogo tu. Fundi akifungua pampu ili dizeli iingie zaidi, nguvu itapanda. Moto pia utapanda, na akizidisha, pistoni zaweza kuyeyuka. Tena, intakula ikiziba upepo wa rejeta, maji yatachemka.

TUANZE NA YA BEI NDOGO
1. Chujio la hewa. Likijaa vumbi, libadilishwe.
2. Mipira na klipu. Mpira ukipasuka, hewa hutoroka. Dalili ni mlio kama filimbi, moshi mweusi mlimani, na mafuta kwenye maungio.
3. Matope na wadudu. Tuoshe intakula kwa maji ya polepole, mapezi yake yasipinde.
4. Mafuta ndani ya intakula. Unyevu kidogo ni kawaida. Yakiwa mengi, tabo ikaguliwe haraka, kwa maana injini ikiyanyonya yaweza kukimbia yenyewe hata ufunguo ukizimwa.

Haya yote yakiwa sawa, na gari bado ni zito, noza na pampu zipimwe. Intakula mpya tuifikirie kama ile ya zamani imetoboka, au kama gari hupanda milima kila siku na mzigo mkubwa penye joto.

MASWALI YA KUJADILIANA
1. Nani katika kikundi chetu hukagua gari, na mara ngapi?
2. Fundi ametuonyesha kilichoharibika, ama ametuambia tu bei?
3. Tukitumia akiba yote kwa intakula, mwezi ujao tairi likipasuka tutafanyaje?

Gari ni jasho la wanachama wote. Tulikague kwanza, kisha tununue.